Mweria wa Daraja la Nne

Tangu siku aliyoshinda, Matano hakuweza tena kumtazama mtu machoni. Alikuwa fundi wa viyoyozi, kijana wa Msambweni anayeshinda juu ya ngazi katika majumba ya wageni kule Diani, na kila alipopita Ukunda hakukosekana mtu wa kumwita kwa sauti, "Bingwa! Hongera, bingwa!" Yeye huinamisha kichwa, akaubana mkoba wake wa bisibisi kwapani na kupita. Watu wakasema kijana ana adabu, hata ushindi haukumpandisha kichwa. Adabu gani? Ilikuwa ni haya, na mtu anayejua alichofanya anaweza kuuficha mji mzima lakini nafsi yake hawezi kuificha.

Alichoshinda ni mchezo wa simu. Vijana wa pwani ya kusini huuita Mazimwi, kwa kuwa jina lake la kigeni ni refu na halikai vizuri mdomoni. Kila mchezaji huchagua mazimwi sita, akayapanga yakawa kikosi, kisha akakutana na sita ya mwenzake. Wanapigana kwa zamu, na zimwi la mbio hupiga kabla ya zimwi la polepole. Lililokwisha nguvu hutoka, na anayebaki na zimwi lililosimama ndiye mshindi.

Mazimwi yenyewe yamegawanywa madaraja. Daraja la kwanza ni la majoka yenye mabawa, yale yanayotiwa kwenye matangazo na kutakwa na kila mtoto. Daraja la nne ni la waliokataliwa: wazito, wavivu, wenye ngozi laini, ambao huko juu wasingemaliza hata zamu mbili. Matano na wenzake walicheza humo, tena kwa kujivunia. Mwenye joka, walikuwa wakisema, hana haja ya akili. Mwenye kaa na kinyonga ndiye inayembidi akae kitako afikiri. Walisema kweli, ingawa nao walikuwa na maringo yao ya kimaskini.

Kufikiri kwenyewe kulikuwa hivi. Kila zimwi hubeba kitu kimoja cha kulisaidia, pengine ngao, pengine dawa, pengine hirizi. Kabla ya pambano unaonyeshwa mazimwi sita ya mwenzako, lakini huonyeshwi yamebeba nini. Siri ya kikosi hukaa hapo, na kikosi ambacho siri yake inajulikana ni nyumba isiyo na mlango.

Aliyewakusanya watu hawa alikuwa Chirau, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Bodo, mtu wa makamo asiyeona vibaya kucheza na vijana. Yeye ndiye aliyesema kwamba kujenga kikosi peke yako ni sawa na kulima peke yako: utachoka, na magugu ya nyuma yako hutayaona. Akaanzisha mweria. Wazee wao walilima namna hiyo, leo majirani wote shambani kwako, kesho wote shambani kwangu, na mwenye shamba huwapikia wenzake. Basi kila Jumamosi alasiri walikutana barazani kwa mmoja wao, wakakijenga kikosi chake, wakakibomoa, wakakijenga tena, na mwenye kikosi akatoa chakula. Aliyelimiwa leo, kesho alikuwa wa kwanza kufika kwa mwenzake.

Katika mweria hakuna kufichana. Kila mmoja alijua zimwi la mwenzake limebeba nini na litaumia wapi. Sharti lilikuwa moja, na hakuna aliyewahi kulitamka, maana nani angedhani linahitaji kutamkwa? Ukiitwa kumlimia mtu shamba lake, hurudi nyuma yake ukaja kung'oa mihogo.

Miongoni mwao alikuwamo Jumwa, fundi cherehani, binti mzaliwa wa kule Kinango kwenye ukavu, mwenye kibanda cha kushona sare za shule hapo Ukunda. Jumwa hakuwa msemaji. Alichokuwa nacho ni mapenzi na zimwi moja ambalo hata daraja la nne lililicheka: kaa wa matope, mzito, mwenye gando moja kubwa. Kaa huyo akipiga, ameua. Ila hupiga wa mwisho siku zote, na mara nyingi zamu yake haifiki, kwa kuwa amekwisha kufa. Karisa, kinyozi, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, alikuwa akimwuliza Jumwa kila wiki, "Marehemu kaa hajambo?" Jumwa hujibu hajambo, na wiki inayofuata huja naye tena.

Ilipofika zamu ya Jumwa, walikaa kibandani kwake katikati ya vitambaa vya bluu na kijani, wakila viazi vya karai. Mwalimu Chirau ndiye aliyemleta kinyonga. Kinyonga akigeuza rangi, mpangilio wa zamu nao hugeuka: wa polepole hutangulia, wa mbio hungoja. Kwa muda huo mfupi kaa angekuwa mfalme. Taabu ni kwamba kinyonga ana mwili laini. Kabla hajageuza rangi, pigo moja tu limemwondoa. Wakamjaribu na ngao, akafa. Wakamjaribu na dawa, akafa.

"Mpe hirizi," Matano akasema.

Wakamgeukia. Hirizi ni kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikibeba. Humwokoa mwenye nayo na pigo moja, liwe kubwa namna gani, ikamwacha na pumzi ya mwisho. La pili likija, anakufa. Wala kioo hakiitaji; mtazamaji huona tu kwamba zimwi limeponea chupuchupu. Wachezaji wengi waliona ni upuuzi kubeba kitu cha kukuongezea pumzi moja.

"Pumzi moja inamtosha," Matano akawaeleza. "Kinyonga hana kazi ya pili. Apigwe, abaki na hiyo pumzi, ageuze rangi, kisha afe. Kaa ataingia na dunia imekwisha geuka."

Walijaribu. Kaa akaua mazimwi manne mfululizo ya Karisa, na tangu hapo Karisa hakumwita tena marehemu. Jumwa aliweka chini kiazi chake, akacheka kwa kinywa wazi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. "Matano," akasema, "leo umenilimia." Na Matano akarudi Msambweni na furaha ambayo hata leo akiikumbuka inamchoma.

Mashindano yalikuja baada ya mfungo. Mshindi wa daraja la nne angepata kiti kimoja, kwenda Mombasa kuiwakilisha pwani ya kusini. Jumwa alikitaka kiti hicho wala hakuficha. Alisema anataka kaa wake aonekane mbele ya watu. Matano naye alikitaka. Alikuwa amechoka kuulizwa na wajomba zake, kila wakikutana kwenye karamu, huyo na simu yake atapata nini. Mama yake, Bi Mwanaima, humtetea kila mara, na kumtetea mtu kwa jambo usilolielewa ni mzigo. Matano aliona akienda Mombasa, mama yake atautua mzigo huo.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Palikuwa na runinga kubwa ukutani ili watu wote waone mapambano, na mtangazaji mwenye kipaza sauti ambaye kila kitu kwake kilikuwa cha ajabu. Karisa alitolewa mapema akaanza kuuza maneno. Mwalimu Chirau aliishia nusu fainali, akapigwa na kaa, akampa Jumwa mkono huku akitabasamu mpaka magego yakaonekana. Waliobaki wawili ni Jumwa na Matano. Fainali ya mweria mtupu! Wenzao wakakumbatiana kana kwamba wote wameshinda.

Kabla ya fainali palikuwa na mapumziko, na kila mmoja aliruhusiwa kubadilisha zimwi moja tu. Matano alitoka nje, akaegemea tangi la maji nyuma ya ukumbi. Alijua hana lake. Kikosi chake na cha Jumwa vilikuwa vimekutana mara nyingi kwenye mazoezi, na tangu kinyonga avae hirizi hakuwahi kumshinda. Angeweza kuingia, akapigwa, akampa mkono kama alivyofanya Mwalimu. Ndilo lililokuwa jambo la kufanya, na alilijua.

Lakini kulikuwa na nyuki. Nyuki ni zimwi dhaifu hata kwa daraja la nne. Wakikuuma, ni kama umepitiwa na mwiba. Ila huuma mara nyingi ndani ya zamu moja. Hakuna aliyewahi kuwaleta kwenye mashindano, kwa sababu hakuna wanayemweza. Hakuna, isipokuwa mtu aliyevaa kitu kinachozuia pigo moja tu. Kuumwa kwa kwanza kungeikata hirizi, kuumwa kwa pili kungemmaliza mwenyewe.

"Hirizi si mimi niliyeitaja?" Matano akajiambia. "Nilichokipanda kwa mkono wangu, siwezi kukichuma?" Ibilisi hamsemeshi mtu kwa lugha asiyoijua. Alimjia Matano kwa lugha ya shamba, ile ile ya mweria, na Matano akaona maneno yana maana. Akafungua simu. Akamtoa ng'ombe, zimwi lake la miaka yote, akatia nyuki.

Walipoketi, mtangazaji akaonyesha vikosi kwenye runinga. Watu wengi ukumbini hawakuona kitu. Waliona sita kwa sita, wakapiga makofi. Ni Karisa aliyeropoka kutoka nyuma, "Nyuki? Huyu kaleta nyuki?" Akacheka. Kisha kicheko kikamkatikia njiani, kwa sababu hata Karisa alijua hesabu ile. Mtu haji na nyuki ila ajue nani amevaa hirizi, na waliojua walikuwa wale tu waliokula viazi vya karai katika kibanda cha Jumwa.

Jumwa aliitazama runinga. Kisha akamtazama Matano. Hakukunja uso. Alimtazama kwa makini, kama anavyokitazama kitambaa alichouziwa kizuri kikaja kuchuja rangi kwenye maji ya kwanza. Matano akajifanya anafuta kioo cha simu. Angeweza hata hapo kusema neno, angeweza kusimama, hakusimama.

Pambano halikuchukua muda. Kinyonga aliingia, nyuki wakamwuma, hirizi ikakatika, wakamwuma tena, akaanguka kabla hajageuza rangi. Kaa aliingia katika dunia iliyo vile vile, akangoja zamu yake, na zamu yake haikufika. Mtangazaji akapiga kelele kwamba huo ni ubunifu usio na mfano. Jumwa akasimama, akanyoosha mkono.

"Hongera, Matano," akasema. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa kawaida. Matano aliuachia upesi, akarudia kufuta kioo cha simu.

Bi Mwanaima alipopata habari hakulala na habari hiyo peke yake. Kufika asubuhi Msambweni nzima ilijua, kuanzia dukani hadi kisimani. Aliwaendea hata wale wajomba. "Mwanangu amewashinda wote kwa akili," alikuwa akisema, na Matano akiwa karibu humvuta mkono aonyeshwe. Wajomba wakampa heshima zake. Mmoja akamwomba radhi kwa kumdharau. Matano alipokea radhi ile, na ilimkaa kooni kwa wiki nzima. Anayeombwa radhi ndiye mkosaji. Haya, tuambieni, mambo hayo mtu huyameza na nini?

Akafikiri atajitoa. Alimwendea Samuel, kijana wa bara mwenye duka la michezo ya video pale Ukunda, aliyeandaa mashindano. Akamwambia hataki kwenda Mombasa, kiti apewe Jumwa.

"Kwani shida ni gani?" Samuel akauliza. "Hakuna rule umebreak, bro. Kuchange moja ilikuwa allowed. Ama?"

"Iliruhusiwa," Matano akakubali.

"Sasa? Halafu majina zishaenda. Ukitoka, hiyo nafasi inapotea tu, haendi mtu. Wacha hizo, enda utuwakilishe."

Matano alitoka dukani akiwa hana kosa hata moja kwa mujibu wa kanuni, na hajawahi kujiona mchafu kama alivyojiona mlangoni pale. Laiti Samuel angemfokea. Angeondoka mwepesi.

Siku chache baadaye alijikaza akaenda kibandani kwa Jumwa. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na sare zilikuwa zimerundikana mpaka magotini mwake. Jumwa alimkaribisha, akamsogezea kigoda, akaendelea kukanyaga cherehani. Matano alikuwa ameyapanga maneno njia nzima tangu Msambweni, na yote yakamtoroka.

"Jumwa, nimekuja kukuomba radhi," akasema, "kama nimekukosea."

Cherehani ikasimama.

"Kama?" Jumwa akauliza.

Hapo palikuwa na mlango wazi kabisa, na mtu yeyote angeingia. Matano alihitaji kusema maneno machache tu: nimekukosea, nilijua, nikafanya. Aliyafungulia kinywa. Yaliyotoka ni mengine. "Unajua, mwisho wa yote ni mchezo tu."

"Ndiyo," Jumwa akasema. "Ni mchezo." Akapitisha uzi kwenye sindano, akaikanyaga tena cherehani. Alipoona Matano hajaondoka, akaongeza bila kuinua macho, "Mwalimu amesema Jumamosi ni zamu yako, tukutayarishe kwa Mombasa. Tutakuja."

Matano aliomba Mungu wasije. Ukweli ni huo. Wasingekuja, wangekuwa wamemwadhibu, na aliyeadhibiwa anaweza kuanza kuhesabu siku za kusamehewa. Jumamosi alasiri akawa barazani kwao, macho njiani, na mama yake jikoni akiyapalia moto mapishi tangu adhuhuri. Bi Mwanaima alilelewa katika mweria wa jembe. Alijua mwenye shamba hupika vizuri kuliko sikukuu, basi akapika mihogo ya nazi na samaki wa kupaka, akatandika mkeka mpya.

Wakaja wote. Mwalimu Chirau alikuwa wa kwanza, kisha Karisa, aliyefunga kibanda chake cha kunyolea Jumamosi, siku yenye wateja. Jumwa alifika wa mwisho, nyuzi zimemganda kwenye kanga.

"Shikamoo, mama," akamwamkia Bi Mwanaima.

"Marahaba, mwanangu, karibu, karibu sana. Wewe ndiye uliyefika naye fainali? Usisikitike, mama. Huyu mwenzenu amewashinda nyote kwa akili, Mungu kampa. Utashinda nawe siku nyingine."

Matano alikuwa ameshika birika, akabaki nalo limeinama, chai ikafurika kikombe.

"Ni kweli, mama," Jumwa akasema. Akavua ndara, akaketi mkekani.

Wakalima. Sijui neno jingine la kuyaita waliyoyafanya siku ile. Mwalimu Chirau alikuwa amewachunguza wachezaji wa Mombasa mmoja mmoja, nani anapenda nini, nani ana pupa, akayamwaga yote mbele ya Matano bila kubakisha. Karisa alicheza dhidi yake tena na tena, akichukua kila namna ya kikosi, wala hakufanya mzaha hata mmoja. Na Karisa asiyetania ni msiba. Kila Matano alipokosea, walimsahihisha kwa upole. Hakuna aliyemnyima kitu. Alikuwa akingoja angalau mmoja wao ambane swali, amtupie neno la kando, naye apate pa kuanzia. Hawakumpa.

Jumwa alisubiri mpaka karibu na mwisho. Kisha akasogea, akakitazama kikosi kwenye simu ya Matano.

"Nyuki watoe," akasema.

"Niwatoe?"

"Hawana kazi Mombasa. Kule humjui mtu."

Alilisema kwa sauti ile ile anayoitumia kumwambia mzazi kwamba sketi itahitaji pindo. Hakulisema kwa kumchoma, na ndiyo maana lilimchoma mpaka ndani. Matano akawatoa nyuki. Alibonyeza pasipo pake, na Jumwa akamwonyesha pa kubonyeza. Kisha akamwambia amrudishe ng'ombe, ila safari hii ambebeshe dawa, na amweke nyuma ya tandu. Walipojaribu, kikosi kikawa kimekaa sawa kila upande. Mwalimu alikigonga kwa kila hila anayoijua, na hakikufunguka. Hawakuwahi kujenga kizuri kama kile.

Wakala. Walimsifu Bi Mwanaima kwa samaki wake, na walikuwa wakisema kweli. Walipokwisha kunawa, Mwalimu Chirau akauliza lile swali ambalo mweria huaga nalo.

"Haya. Jumamosi ijayo tunalima kwa nani? Nadhani ni kwa Jumwa."

"Langu nitalima mwenyewe, Mwalimu," Jumwa akasema.

Mwalimu akaitikia kwa kichwa taratibu, asimbembeleze wala asimwulize. "Karisa?"

Karisa alikuwa akiichunguza kucha yake. "Mimi bado bado, Mwalimu. Shamba langu halijawa tayari."

"Hata mimi nina masomo ya muhula ya kutayarisha," Mwalimu Chirau akasema. "Basi tutaarifiana."

"Mimi niko tayari," Matano akasema haraka. "Siku yoyote, kwa yeyote. Nitakuja mapema. Nitakuja peke yangu mkitaka."

"Tunajua, ndugu yangu," Mwalimu akamjibu kwa upole. "Tutaarifiana." Wakampa mkono mmoja mmoja, wakamtakia heri ya Mombasa, wakamuaga mama, wakashika njia. Mpaka wanafika kwenye kona hawakugeuka.

Bi Mwanaima alitoka jikoni na sufuria, akaanza kukusanya sahani. Alikuwa na furaha ya mtu aliyewalisha wageni wakashiba.

"Watu wema hao," akasema. "Sasa Jumamosi ijayo mwenda kwa nani? Uniambie mapema n'kukunie nazi, usende mikono mitupu."

"Siendi, mama."

"Huendi vipi? Wamekulimia, nawe ukalime. Ndio mweria."

"Hawakuniita."

Bi Mwanaima akaiweka sufuria chini. Katika ujana wake wote aliwahi kumwona mtu mmoja tu ambaye majirani walimlimia shamba lake mpaka mwisho, vizuri, kisha wasimwite tena kwa shamba lolote. Hakuna aliyemtukana. Walimwamkia njiani kwa heshima zake zote, miaka na miaka, mpaka mwenyewe akahama.

"Umewafanyani?" akamwuliza.

Matano akamweleza. Alidhani mama hataelewa habari za hirizi na nyuki, lakini alipofika pale alipoegemea tangi la maji akifungua simu, mama alikuwa amekwisha kuelewa, kwa kuwa kwake hayo yalikuwa mambo ya shamba na mihogo. Matano alisema lile neno alilolikosa kibandani, akalisema lote, bila lile neno "kama". Ila aliyekuwa akimwambia hakuwa yule aliyestahili kulisikia.

Mama hakumfokea. Alikaa kwenye ukingo wa baraza, akatazama kona walikopotelea wale watu.

"Nami nimesimama hapa," akasema polepole, "nikamwambia yule binti umemshinda kwa akili. Nikamwambia asisikitike. Naye akan'itika."

"Mama—"

"Akan'itika vizuri, kwa adabu, akala chakula changu."

Akajitanda leso hadi usoni, akainuka, akaingia ndani. Kesho yake hakwenda dukani wala kisimani. Alimwomba binti wa jirani amletee maji.